Kidudu cha mikia miwili chini ya mawe ya Luiche: nifunge chambo gani?

Mvuvi_Luiche
Wakuu, habari za jioni. Navua kwa chambo cha manyoya kinachoiga wadudu huku juu mto Luiche, Kigoma, kwenye mawe na maji ya kasi, si kule chini Ujiji kwenye tope. Nikigeuza mawe napata kidudu cha kahawia, milimita 7 bila mikia, na mikia ni miwili. Mwongozo nilionao ni wa Uingereza, unasema mikia miwili ni Plecoptera, kundi mojawapo la wadudu wa mitoni. Ni kweli? Na ndoano namba ngapi?

Kerengende
Mkuu, achana na mikia, hesabu kucha. Mtie kwenye kijiko cheupe chenye maji kidogo, tazama ncha ya mguu kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kucha moja kila mguu ni Ephemeroptera, kundi jingine la wadudu wa majini, mbili ni Plecoptera. Mikia inapotosha kwa sababu baadhi ya Baetidae, jamii mojawapo ya Ephemeroptera, wanayo miwili tu, na hata wenye mitatu hukatika ukiwabana kwa vidole.

Kisha tafuta matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini. Ephemeroptera anayo pembeni mwa tumbo, vijani vyembamba vinavyopepea. Plecoptera wa mito yetu, hasa Neoperla, ana vishungi kwapani, pale miguu inapoota. Ukiona vijani vitatu vipana mkiani, huyo ni mtoto wa kereng'ende mwembamba.

Mama_Samaki
Naongezea kuhusu kukusanya. Tafadhali usitumie chandarua chenye dawa! Dawa ile inaua wadudu wa majini na samaki pia. Shona kitambaa cha shela kwenye vijiti viwili, kitege upande maji yanakoelekea, sugua mawe yaliyo upande maji yanakotoka kwa dakika moja, kisha mwaga kwenye beseni jeupe. Wa kuhifadhi watie kwenye spiriti ya asilimia 70 hivi, ila andika rangi kwanza maana hupauka. Na vaa gambuti: kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wa kichocho.

Mvuvi_Luiche
Asanteni sana. Kucha ni moja, vijani vipo pembeni. Mgongoni ana vibandiko viwili vyeusi.

Kerengende
Basi ni Ephemeroptera, na kwa umbo hilo nadhani ni Baetidae. Vibandiko ni vifuko vya mabawa. Vikiwa vyeusi, anakaribia kupanda juu kugeuka mwenye mabawa. Ndoano namba 16. Mkia nyuzi mbili za unyoya, mwili wa uzi wa kahawia uliozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara nne au tano, mgongoni kipande cheusi. Wengi hukosea kwa kunenepesha mwili. Mdudu huyu ni mwembamba, na chambo kinene hakizami upesi kwenye maji ya kasi.

Kiache kiteremke na mkondo bila kukivuta. Mwishoni kamba ikinyooka, kivute kidogo kidogo, sentimita 5 hivi, kwa kuwa Baetidae huogelea kwa kushtuka. Plecoptera hutambaa, chambo cha kumwiga yeye kisingevutwa hivyo. Anza jua likizama, ndipo wadudu wengi huachia mawe na kubebwa na maji.