Naomba ushauri: mshahara na gawio katika kampuni ya S, Marekani

Ndugu zangu, naomba msaada wa yeyote anayezifahamu kodi za Marekani. Ninaishi Houston, Texas, ambako nina kampuni ndogo ya usafi wa maofisi, na mwaka juzi niliwasilisha Fomu 2553 ili itozwe kodi kama kampuni ya S. Ninaelewa kwamba kampuni yenyewe kwa kawaida hailipi kodi ya mapato ya serikali kuu, bali hujaza Fomu 1120-S, kisha faida yote huandikwa kwenye Jedwali K-1 na kuhamia katika hesabu zangu binafsi, hata kama sikutoa senti moja benki. Jambo hilo lilinishtua, kwa kuwa nilikuwa nimeacha humo dola 20,000 za kununulia mashine.

Linalonitatiza zaidi ni mshahara. Mmiliki anayefanya kazi anatakiwa kujilipa mshahara unaolingana na kazi yake, nao hutozwa asilimia 15.3 za hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), nusu kwa mwajiri na nusu kwa mwajiriwa, ilhali gawio halitozwi makato hayo. Mwaka jana nilichukua dola 48,000, zote kama gawio, kwa ushauri wa mtunza hesabu niliyemwamini.

Je, kosa hilo hurekebishwaje kabla IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) haijaniandikia? Na kwa kuwa siku 4 kwa wiki nafagia mwenyewe na siku moja nasimamia wafanyakazi, mshahara wangu upimwe kwa ujira wa msafishaji au wa msimamizi?