Mpira wa telekomande: kona hakuna, servo inalia tu

Kijana_Katindo (Goma)
Wakubwa, salamu. Tunaunda mpira unaobingirika kwa telekomande, wa kuchezea kwenye sakafu ya sima (saruji). Ganda ni fibra na rezini, tuliilalisha juu ya balo (mpira wa miguu) namba 5 kisha tukakata katikati. Kipenyo sentimita 22, uzito gramu 350. Akseli imeshika ganda kwenye nguzo zote mbili (ncha za kushoto na kulia), na chini yake kunaning'inia timazi la gramu 700 lenye batri na vyuma. Uzito wake umetulia sentimita 6 chini ya akseli. Moteri ni ya gia, volti 12, mizunguko 100 kwa dakika, inaendeshwa na L298N (kadi ya kuendeshea moteri). Servo SG90 (moteri ndogo inayogeuka kwa pembe unayoiambia) inalaza timazi kushoto au kulia ili mpira uiname, ukate kona. Kwenye mshono, pale nusu mbili zinapokutana, nimezungusha ukanda wa chambre à air (mpira wa ndani wa tairi) ya pikipiki, upana sentimita 3, unene milimita 2, usiteleze.

Unaenda mbele vizuri. Lakini ukiuambia ukate kona, servo inalia na mpira unachora duara la kipenyo cha mita moja na nusu, halipungui hapo. Nikipiga gazi ghafla, timazi linapinduka ndani kabisa. Na ukisimama, unayumba mbele na nyuma kama mlevi. Nianze na nini?

Elektro_Birere
Servo kwanza, mdogo wangu. Piga hesabu, timazi likilazwa digrii 25: 0.7 kg mara 6 cm mara sine ya digrii 25 ni karibu 1.77 kg·cm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). SG90 inaandikwa 1.8 kwa volti 4.8, na hiyo ni nguvu yake ya mwisho kabla ya kukwama. Umeifikisha ukutani, ndiyo maana inalia. Weka MG996R: ina gramu 55 na nguvu zaidi ya 9 kg·cm.

Ila usiichomeke kwenye ile volti 5 ya L298N. Pale kuna regulateri ndogo, 78M05, ya nusu ampea tu, na MG996R ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya ampea 2. Volti inaanguka, risiva inazimika na kuwaka upya, na wewe utadhani telekomande imekufa. Tafuta regulateri ya peke yake, volti 5, ampea 3, na kondansateri ya 1000 µF karibu kabisa na servo.

Mwalimu_Himbi
Kuhusu umeme, Elektro amesema kweli. Lakini ukinunua hiyo servo leo, kesho duara litakuwa lilelile. Adui ni ule ukanda.

Upana wa sentimita 3 maana yake ni sentimita 1.5 kila upande wa mshono. Kwenye mpira wa nusu-kipenyo sentimita 11, mpira unainama karibu digrii 8 halafu unafika kwenye ukingo wa ukanda. Pale kuna ngazi ya milimita 2. Ili ganda lenyewe liguse chini, kilo 1.05 yote (ganda na timazi) lazima ipinduke juu ya ule ukingo, na hapo inahitajika karibu 2.2 kg·cm. Timazi lako likilala digrii 25 linatoa 1.77 tu, hata servo iwe na nguvu ya ng'ombe. Linganisha na ulichopima: nusu-kipenyo cha duara ni nusu-kipenyo cha mpira kugawanya kwa tanjenti ya mwinamo. 11 kwa tanjenti ya digrii 8 ni sentimita 78. Duara zima mita 1.56. Ndilo duara lako hilo!

Bandua ukanda. Ziba mshono, upige msasa mpaka kucha ikipita isikwame, kisha paka gundi ya viraka vya baiskeli, tabaka mbili, eneo la upana wa sentimita 12 katikati, likauke usiku mzima. Gundi ikishika vumbi inaanza kuteleza. Ifute kwa kitambaa chenye maji. Ukiinama digrii 25 utakata kona ya nusu-kipenyo cha sentimita 24. Kugeuka papo hapo bila kusogea usitegemee. Kwa kazi hiyo unahitaji gurudumu zito linalozunguka kasi ndani.

Dada_Soldure
Mimi niguse kupinduka na kuyumba.

Timazi linaweza kupinga 4.2 kg·cm tu, likiwa limelala digrii 90. Moteri ikizidi hapo, inazungusha timazi badala ya ganda. Kwenye programu, zuia isipewe zaidi ya kiasi kinacholinyanyua timazi mpaka digrii 45, yaani karibu 3 kg·cm, na gazi ipande polepole, kutoka sifuri hadi juu kwa sekunde 0.8. Kusimama vilevile. Kwenye L298N, ukiacha pini ya ENA (ya kuwasha moteri) juu huku IN1 na IN2 (za kuchagua mwelekeo) ziko sawa, unafunga breki: ganda na timazi vinakuwa kitu kimoja, na hicho kitayumba mpaka msuguano ukichoshe. Shusha polepole.

Ukitaka utulivu wa kweli, weka MPU6050 (kihisi cha mwinamo) kwenye timazi, karibu na akseli, usome pembe mara 100 kwa sekunde. Kwenye programu ya kusahihisha pembe, anza na P (inayosukuma kulingana na kosa la pembe) peke yake, kisha ongeza D (inayopinga kasi ya kuyumba) kidogo kidogo. Meno ya gia yakianza kugongana tap-tap, D imezidi, rudi nyuma.

Kijana_Katindo
Aksanti sana. Bado moja: hata telekomande ikiwa katikati, unavuta kushoto. Na nje kwenye kokoto unakwama.

Mwalimu_Himbi
Moteri yako iko upande mmoja wa akseli, sivyo? Funga mshono kwa skochi isiyopitisha maji, weka mpira ndani ya beseni. Utaelea, na majini hakuna msuguano wa kukudanganya. Nguzo inayozama zaidi ndiyo nzito. Bandika njugu za bulo (nati) ndani, karibu na nguzo ya pili, mpaka zote ziwe kimo kimoja juu ya maji.

Kokoto: ukianza kutoka kusimama, kizingiti cha karibu milimita 7.5 kinatosha kukuzuia, maana ndicho timazi linachoweza kukinyanyulia mpira likiwa limelala kabisa. Mwinuko wa kupanda, mwisho ni digrii 21 kwa hesabu; tegemea nusu yake. Mawe ya lava waachie chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo).

Elektro_Birere
Na usipake rangi ya fedha yenye unga wa aluminiamu. Inaweza kukata mawimbi ya 2.4 GHz, halafu utakuja hapa kuilaumu risiva.