Gitaa langu limepatikana Kibaigwa likiwa limevunjika kichwa, nigundishe au niachane nalo?

Rifu_za_Dom:
Wakuu habari za jioni. Najua uzi wa gitaa humu huwa unapata wachangiaji watatu na mmoja wao anauza spika, ila mimi nimekwama kweli, naomba mnivumilie maana ni ndefu.

Nina gitaa la umeme, Epiphone Les Paul nyeusi, nilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anajitolea huku Dodoma akawa anarudi kwao, tuliumana bei wiki nzima mpaka akachoka. Ndio nimepigia roki miaka sita, sisi ni watatu tu, mazoezi tunafanyia stoo ya mjomba wa mpiga ngoma wetu (drama) huko Nkuhungu na majirani wanatuvumilia, na Jumapili lilelile gitaa linaenda kanisani linapiga kwa adabu.

Sasa mwezi juzi natoka Dar kwa basi la usiku (basi gani sitaji). Kondakta akakataa nisiingie nalo ndani, akasema buti lina nafasi, nikalilaza juu ya mabegi likiwa kwenye begi la sponji. Tunashuka stendi ya Nanenane alfajiri, buti linafunguliwa, gitaa hakuna. Kondakta ananiangalia kama mimi ndio nimemuibia yeye. Nikaenda polisi kuchukua RB, nikazungukia wauza vitu used wa Sabasaba na Majengo, nikabandika picha kwenye magrupu yote ya WhatsApp mpaka la familia, shangazi akajibu "pole, ulikula lakini?"

Wiki ya nne mwana wetu mmoja wa kwaya anatuma picha, kuna gitaa linauzwa Kibaigwa, "bovu, linafaa pambo la ukutani". Nikaangalia ile picha moyo ukalipuka. Nikapanda gari asubuhi yake. Aliyekuwa nalo ni kijana anapakia magunia pale soko la mahindi, anasema kuna mtu alimpa badala ya hela ya kupakia, kichwa kikiwa tayari kimening'inia kwenye nyuzi. Namba ya nyuma ya kichwa imekwanguliwa na kitu kama msumari. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akaniuliza swali la maana, "utathibitishaje ni lako?" Nikaomba bisibisi, nikafungua kifuniko cha nyuma pale zilipo waya, nikawaambia kabla sijafungua kwamba ndani kuna kapasita (kidude kidogo cha umeme) ya rangi ya chungwa nimeisolda mimi mwenyewe vibaya, risasi ya kusoldia imedondoka kama kinyesi cha mjusi. Wakachungulia. Mwenyekiti akacheka mpaka akakaa. Yule dogo nikampa elfu hamsini, najua mtanisema, ila alikuwa amelitunza ndani kwake na ameliviringishia kanga.

Hali yake sasa: limekatika pale shingo inapokutana na kichwa, mpasuko mrefu wa mshazari, mbao zimechanika ila hakuna kipande kilichopotea. Ile nati nyeupe inayoshika nyuzi imekatika nusu. Pikapu ya nyuma, kile kinachonasa mlio wa nyuzi, haitoi sauti. Rangi imekwanguka kila mahali. Fundi seremala wa huku Chang'ombe anasema atapiga misumari miwili ya inchi na kulipaka rangi upya liwe kama jipya. Nifanyaje?

jeuri255:
Mzee ulimpa hela mtu aliyekuwa na mali yako ya wizi na RB unayo mfukoni?? Hapo ndio mnafuga wezi. Ningekuwa mimi angelala ndani.

MamaBesi:
@jeuri255 angelala ndani na gitaa nalo lingelala ndani, kama kielelezo, miezi minane kwenye stoo yenye vumbi. Hamsini ni bei nafuu kaka, usijilaumu.

Halafu umenikumbusha ishu ya Randy Bachman, yule mpiga gitaa wa Kanada. Gitaa lake la Gretsch la 1957 liliibiwa hotelini Toronto mwaka 1976, akalitafuta maisha yake yote. Miaka zaidi ya 40 baadaye shabiki mmoja akaliona kwenye video, mwanamuziki wa Kijapani analipiga Tokyo. Unajua walilitambuaje? Kifundo kidogo kwenye mbao, kama doa, kinaonekana kwenye picha za zamani na kwenye ile video. Namba unaweza kukwangua, kifundo cha mti huwezi. Mjapani alilinunua dukani kihalali hakujua lolote, wakakubaliana Bachman amtafutie Gretsch ya aina ileile, wakabadilishana Tokyo tarehe 1 Julai 2022. Kwa hiyo hata staa alitoa kitu ndio akapewa chake. Kapasita yako mbovu ndio kifundo chako, usije ukaisolda upya.

Fundi_Mbao_Ipagala:
MISUMARI HAPANA. Narudia, mwambie huyo seremala akapige misumari kwenye kitanda.

Mimi ni seremala na gitaa napiga kidogo, nimeshagundisha vichwa vinne vya hizi Les Paul na vyote vinakatika palepale kwa sababu zilezile. Kichwa kimelala kwenda nyuma, halafu mti umekatwa kwa kunyooka, kwa hiyo nyuzi za mti pale kwenye kona zinakuwa fupi. Halafu palepale wamechimba tundu la kukazia trasi rodi, ule mwiba wa chuma wa ndani ya shingo, yaani sehemu dhaifu wakaitoboa tena. Ongeza na nyuzi za chuma zinavuta kwa pamoja karibu kilo 45 muda wote, mchana na usiku. Begi likidondoka chali tu imeisha. Siku ukisafiri legeza nyuzi kidogo, na nguo ijaze nyuma ya kichwa isielee ndani ya begi.

Habari njema ni kwamba mpasuko mrefu wa mshazari ndio mzuri kuliko wa mkato mfupi, gundi inapata eneo kubwa la kushika. Ukikaa vizuri pale kwenye gundi panakuwa pagumu kuliko mbao yenyewe.

Usipake supagluu, inakauka hujakaa sawa na ikikauka inakuwa kama kioo. Gundi ya viatu ndio kabisa hapana, ile inabaki kama mpira na kichwa kitakuwa kinatembea taratibu mpaka gitaa lisikae kwenye tyuni. Chukua gundi ya mbao ya kawaida, nzuri, ambayo haijakaa dukani miaka. Toa pegi zote, vile vya kukazia nyuzi. Vumbi litoe kwa brashi kavu tu na huku kwetu lipo la kutosha, ila msasa usiguse ndani ya mpasuko hata kidogo, zile nyuzi za mti zilizochanika zinatakiwa zirudi kila moja kwenye tundu lake kama meno. Kwenye hesi za trasi rodi paka nta ya mshumaa isije ikagandia humo. Kwanza funga bila gundi uone kama inaziba mpaka unywele haupiti, fanya mara tatu mkono uzoee. Ndio utie gundi, kwa ndani kabisa tumia bomba la sindano, funga na klampu mbili ukiwa umeweka vipande vya mbao vilivyoviringishwa nailoni, futa inayotoka kwa kitambaa chenye maji. Kama huna klampu kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uviringishe kwa nguvu, unafanya kazi vizuri tu. Usiliguse saa 24, nyuzi usifunge mpaka zipite siku tano.

Na usiliache kwenye gari juani tena. Hii gundi ikipata joto la Dodoma la mwezi wa kumi ndani ya gari lililofungwa inalainika.

Rifu_za_Dom:
@Fundi_Mbao_Ipagala aisee ubarikiwe mkuu, seremala nimeshamkimbia. Rangi je? Wenzangu kwenye bendi wanataka lipigwe rangi nyeusi mpya, drama anasema tukionekana na gitaa lenye makovu watatuchukulia wababaishaji.

mkoloni_wa_rifu:
Drama wako hajamsikia Peter Frampton. Kaa nikusimulie maana hii ndio ninayoipenda kuliko zote.

Frampton ni mpiga gitaa Muingereza, mwaka 1970 yuko San Francisco na bendi yake, gitaa lake linamsumbua kwa kelele za spika, shabiki mmoja akamwazima Les Paul Custom nyeusi ya mwaka 1954. Akapiga usiku ule, kumrudishia akataka kulinunua, jamaa akakataa kuliuza, akampa bure. Ndio lile liko kwenye kava ya albamu yake ya laivu ya 1976 iliyouza mamilioni. Sasa 1980 wako kwenye ziara Amerika ya Kusini, vyombo vyote vimepakiwa kwenye ndege ya mizigo, ndege ikadondoka ikitoka Caracas, Venezuela. Watu wa ndani ya ndege walikufa. Kwa hiyo nani angelilia gitaa, Frampton mwenyewe akajua limeungua limeisha.

Kumbe mtu alilitoa kwenye mabaki. Likaenda kisiwa cha Curaçao, hapo karibu na Venezuela, likawa linapigwa na mpigaji wa huko miaka na miaka. Mpaka fundi wa gitaa aliyepelekewa alitengeneze akalishtukia. Serikali ya kile kisiwa ikaingilia, likanunuliwa, likarudishwa kwake Nashville mwisho wa 2011. Miaka 31. Anasema alilijua akilishika tu, kwa uzito wake.

Sasa sikiliza hapa ndio jibu la drama wako. Gibson, kiwanda chenyewe kilicholitengeneza, wakamwambia tunaweza kulirudisha liwe jipya kabisa. Akakataa. Akasema rekebisheni vinavyozuia lisipigike tu, waya na pikapu na vitu kama hivyo, alama za moto ziacheni. Akaanza kulipiga tena jukwaani 2012 likiwa na majeraha yake ya ndege. Na ni lake, angeweza kulipaka hata dhahabu.

Wewe gundisha, tengeneza pikapu, mwisho. Rangi mpya huko Chang'ombe watakumiminia rangi ya geti, nene kama uji, sauti yenyewe itaziba.

jeuri255:
Frampton ni milionea, gitaa lake lina historia. Hilo la kwako ni Epiphone ya mtumba, ukilipaka utaliuza, usipolipaka nani atanunua

mkoloni_wa_rifu:
Nani kasema anauza?

Zeze la Babu:
Mbukwenyi, ndio salamu yetu Wagogo. Mimi ni mtu mzima wa Chamwino, gitaa la umeme sipigi, napiga zeze na ilimba, ile ya kupiga kwa vidole gumba, lakini wajukuu wamenionyesha huu uzi nimefurahi. Babu yangu zeze lake lilipasuka kibuyu, tukiwa tunatoka kwenye sherehe punda akalikanyaga. Hakutafuta kibuyu kingine. Alikitoboa pembeni mwa ufa akakishona kwa uzi wa mkonge kama anashona kiatu, akaziba na nta ya nyuki. Mshono ule ulikuwa unaonekana toka mbali na likilia watu walikuwa wanajua ni yeye kabla hawajamuona. Sauti ilibadilika kidogo, ikawa na mkwaruzo, na ule mkwaruzo ndio tuliozoea sisi.

Hiyo nati iliyokatika mwanangu usinunue plastiki. Chukua mfupa wa ng'ombe.

MamaBesi:
Shikamoo babu. Na mfupa ni kweli kabisa, magitaa ya bei kali yanatumia mfupa. Jumamosi nenda mnada wa Msalato, kula nyama, ondoka na mfupa wa mguu. Uchemshe na sabuni mafuta yatoke yote, uanike mpaka ukauke kabisa, ndio ukate na msumeno wa chuma na kusawazisha na msasa. Vumbi lake linanuka kama kwa daktari wa meno, fanyia nje.

Pikapu kabla hujanunua nyingine fungua uangalie waya kwanza. Tisa kwa kumi ni waya umechomoka pale kwenye swichi, lilivyorushwarushwa kwenye magunia. Fundi redio yeyote wa Majengo anaisolda kwa elfu tatu.

Rifu_za_Dom:
Wakuu mrejesho, siku kumi na mbili zimepita.

Tulifungia kwa Fundi pale Ipagala, kumbe ni mtu mzima mpole sana na kwenye uzi anaandika kwa herufi kubwa. Alinifanya nifunge bila gundi mara saba sio tatu. Nilikaa siku sita nalilinda kama mgonjwa, mama akawa anauliza limeamkaje. Pikapu ilikuwa waya tu kama alivyosema dada. Nati ni ya mfupa, niliharibu miwili, wa tatu umekaa japo uzi wa sol unalia kidogo ukiuvuta, nitauchonga tena.

Rangi sijapaka. Ufa unaonekana, mstari mwembamba kama nywele unaokatiza nyuma ya shingo, na kidole gumba kinaugusa nikishuka freti ya kwanza. Drama amenuna ila jana tumepiga kwa muda wa saa mbili na tyuni haikuhama, akanyamaza.

Na yule kijana wa Kibaigwa amenipigia leo, anauliza "lile dude limepona?" Anakuja Dodoma na fuso la mahindi wiki ijayo, nimemwambia apitie Nkuhungu alisikie. @jeuri255 na wewe karibu, RB nitaiacha nyumbani.

Mwenye boksi gumu la Les Paul anicheki inbox. Begi la sponji sitaki kuliona tena.