Tupeane uzoefu: Uliyewahi kubuni jarida la muziki la wanafunzi, kazi ilikwendaje?

Kalamu ya Risasi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Najua humu tupo wengi tuliopitia kazi hii, wengine darasani kwenye somo la habari, wengine kwa mapenzi tu: kubuni jarida la muziki la wanafunzi, kuanzia jalada, ukurasa wa yaliyomo, hadi makala ya kurasa mbili zinazotazamana, kisha kuandika tathmini ya kazi yenyewe. Nadharia zipo vitabuni. Hapa naomba tuseme tulichofanya na kilichotokea.

Naanza mimi. Kundi letu lilitaka jarida la "kila mpenda muziki". Nilipinga, na nawashukuru wenzangu kwa kunisikiliza, kwa sababu msomaji wa namna hiyo huwezi kumchagulia hata rangi ya jalada. Tukazunguka na daftari tukiwauliza wanafunzi swali moja: muziki unaingiaje katika siku yako? Waliokuwa wakisikiliza tu walikuwa na kila kitu kwenye simu zao, hawakuwa na haja na karatasi yetu. Waliokuwa na haja ni wale waliojifunza kupiga ala peke yao, bila mwalimu. Basi tukawaandikia hao. Kuanzia hapo mabishano mengi yalijimaliza. Jaladani hatukuweka nyota mwenye miwani ya jua, tuliweka mwanafunzi aliyeinamia gitaa, vidole vikiwa juu ya nyuzi. Yaliyomo tukayapanga kwa ugumu: ya anayeanza, ya aliyekwisha kushika njia, ya anayetaka kupanda jukwaani. Hata jina la jarida lilitoka humo humo.

La pili ni rasimu. Kila jalada tulilojaribu tulilihifadhi, hata lile la kuchora kwa penseli, na pembeni yake sentensi moja: tumebadilisha nini, kwa nini. Ulipofika wakati wa kuandika tathmini, hatukulazimika kukumbuka chochote. Tulisoma tu tulichokwisha kujiandikia.

Na msidharau kazi ya wanafunzi. Jarida la roki la Crawdaddy lilianzishwa mwaka 1966 na Paul Williams, mwanafunzi wa miaka 17 katika chuo cha Swarthmore, Marekani, naye aliandika juu ya roki kwa uzito ambao wengi wakati huo waliona haustahili. Jarida la The Source nalo lilianza mwaka 1988 kama kijikaratasi cha habari cha wanafunzi wawili wa Harvard waliokuwa na kipindi cha hip hop redioni.

Karibuni.

Jicho la Kamera

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi nilikuwa mpiga picha wa kundi letu, na ninachoweza kusema ni kwamba picha ya jalada haipigwi kisha ikatafutiwa nafasi. Unaanza na ukurasa. Nilichukua mchoro wetu wa jalada nikaenda nao kwenye upigaji picha: mwimbaji upande wa kulia, ukuta mtupu kushoto kwake kwa ajili ya vichwa vya habari, nafasi ya kutosha juu ya kichwa kwa jina la jarida. Wengi hupiga picha nzuri sana iliyojaa kila kona, halafu maandishi yanakosa pa kukaa na yanaishia usoni mwa mtu.

Tulibishana pia kuhusu macho. Aangalie kamera au aangalie pembeni? Tukachapa zote mbili, tukaziweka mezani kati ya majarida mengine, tukawaomba wapitao wachukue moja. Wengi walichukua ile anayokutazama. Ila kwenye makala ya ndani tulitumia ya kuangalia pembeni, kwa kuwa mwimbaji alikuwa akisimulia hofu yake ya jukwaa, na picha ya kukukazia macho ingeyapinga maneno yake.

Kwa wanaoanza: A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, picha ya kujaza ukurasa inataka piseli 2480 kwa 3508. Simu nyingi za sasa zinafika hapo, mradi picha ihamishwe kama faili kamili. Programu za kutumiana ujumbe huibana, na ubora ukishapotea haurudi. Na ruhusa ichukuliwe kwa maandishi, hasa kama unayempiga hajafika miaka 18. Hapo mzazi au mlezi ndiye anayesaini.

Besi Nzito

Mimi nilipewa ukurasa ambao hakuna aliyeutaka, ukurasa wa chati. Nikaamua niujue kwanza. Kumbe chati ya kwanza ya mauzo ya nyimbo Uingereza ilitoka kwenye gazeti la muziki. Percy Dickins wa New Musical Express alipiga simu kwenye maduka ya santuri yapatayo 20, akajumlisha majibu, na tarehe 14 Novemba 1952 ikachapishwa orodha ya nafasi 12. Simu, kalamu na hesabu, basi.

Nikasema kama yeye aliweza, hata sisi tunaweza. Tuliweka sanduku mlangoni, kila mwanafunzi anaandika wimbo mmoja tu aliourudia wiki hiyo. Neno "aliourudia" nililitaka makusudi, kwa sababu ukimuuliza mtu anapenda nini atakutajia kinachosifika. Ukimuuliza anarudia nini, ukweli unatoka. Nyimbo za zamani zikajaa, na rekodi ya simu ya kwaya yetu ikaingia kwenye chati. Chini ya chati niliandika kura zilikusanywa vipi, kwa siku zipi, na ni ngapi. Ukurasa ule ukawa ndio unaofunguliwa kwanza, maana kila mtu alikuwa akitafuta wimbo wake.

Dada wa Gridi

Nitaongelea herufi, maana hapo ndipo makundi mengi huvunjika.

Katika kundi letu kulikuwa na kijana mwenye kipaji kikubwa aliyetaka kila ukurasa uwe na fonti yake, yaani mtindo wake wa herufi. Hoja yake ilikuwa David Carson, mbunifu wa jarida la Ray Gun lililoanza mwaka 1992. Na ni kweli, Carson alivunja karibu kila sheria. Mwaka 1994 mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry aliyaona yanachosha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu isiyosomeka. Nikamwambia, kaka yangu, nampenda Carson kama wewe. Lakini yeye alijua anavunja nini, na wasomaji wake walikuwa wameshazoea kupotezwa. Sisi msomaji wetu anatuona kwa mara ya kwanza.

Tulichokubaliana ni hiki. Fonti moja ya matini, yenye vikia (vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi), ukubwa wa pointi 9 na nusu, ile ile jarida zima. Fonti moja nzito ya vichwa. Ya tatu yake yeye, ya makala kuu tu, na hapo afanye atakavyo. Akaichora mwenyewe kwa brashi na wino, akaiskani. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote tulivyotengeneza, na kilionekana hivyo kwa sababu kilichokizunguka kilikuwa kimetulia.

Gridi yenyewe, yaani mpangilio wa safu za ukurasa: safu tatu kwenye kurasa za kawaida, mbili kwenye mahojiano. Kwenye kurasa mbili zinazotazamana, usiruhusu uso wa mtu wala herufi za kichwa zipite katikati kwenye mkunjo. Hilo ukilipuuza, pua ya mtu inamezwa.

Sikio Huru

Hakuna aliyegusa uhakiki, na kwangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika jarida la wanafunzi. Unamhakiki mtu utakayekaa naye dawati moja kesho.

Nilipewa kuandika juu ya rekodi ya bendi ya wanafunzi, na mpiga ngoma wao ni rafiki yangu wa tangu utotoni. Nilimwendea mhariri nikamweleza uhusiano huo kabla sijaandika chochote. Tukakubaliana mambo mawili: uhusiano utajwe wazi chini ya uhakiki, na mtu wa pili asiyewajua aandike maoni yake mafupi kando ya yangu. Kisha nikaisikiliza rekodi nikiwa na karatasi, nikiandika dakika na sekunde. Kila nilichokisema, kizuri au kibaya, kilikuwa na mahali pake ndani ya wimbo. Sikuandika "ngoma ni dhaifu". Niliandika kwamba kwenye ubeti wa pili ngoma inamkimbia mwimbaji, na kwamba kiitikio kinarudi bila kuongeza kitu.

Rafiki yangu hakufurahi. Alikaa kimya, kisha akaja kuniuliza ni sekunde zipi hasa. Tukazisikiliza pamoja. Naamini kwa dhati kwamba mwanamuziki kijana anastahili kusikilizwa kwa makini kuliko anavyostahili kusifiwa, na jarida la shule au chuo huenda likawa mahali pekee atakapopata msikilizaji wa namna hiyo.

Msinakili pia mashairi yote ya wimbo wa mtu kwenye ukurasa ili kuujaza. Yana hakimiliki. Mstari mmoja au miwili unaoujadili unatosha, na kumbuka kutaja mtunzi.

Wino Mbichi

Mimi nitasema tofauti na mwanzisha mada. Kule kuandika sababu ya kila badiliko kulinichosha. Mambo mengine mtu unayasogeza kwa jicho tu, unaona yamekaa, basi. Ukilazimishwa kutoa sababu unaanza kutunga.

Mwalimu wa Habari

Nimefundisha kozi hii na kusahihisha tathmini nyingi, kwa hiyo niruhusuni nimjibu Wino Mbichi.

Uko sahihi kwamba jicho hutangulia. Sikutaki uandike sababu kabla ya kusogeza. Sogeza, kisha jiulize jicho lako limeona nini. "Kichwa kilikuwa kinagombana na picha." Hiyo inatosha, na ni ya kweli. Ninachokikuta mara nyingi ni mwanafunzi anayeandika "nilitumia nyekundu kwa sababu inaashiria mapenzi", wakati rasimu zake zinaonyesha nyekundu iliingia mwishoni, baada ya bluu kumeza maandishi. Sababu ya pili ndiyo tathmini. Ile ya kwanza ameiokota.

Swali ninalolipenda kumuuliza mwanafunzi ni: ulitupa nini? Anayeweza kunionyesha picha nzuri aliyoiacha kwa sababu haikumfaa msomaji wake, huyo ameelewa kazi. Na mpe rasimu mtu wa nje ya kundi, kaa kimya, mwangalie anavyofunua. Anaanzia wapi? Anaruka nini? Usimweleze chochote. Ukianza kueleza, umeshapoteza jaribio.

Kalamu ya Risasi

Mwalimu, shikamoo. Hilo la "ulitupa nini" nimelinakili kwenye daftari. Kuna yeyote aliyefika hadi kiwandani kuchapa? Wengi huishia kwenye skrini.

Fundi Chapa

Nipo. Wanafunzi huja kwangu mara kwa mara, nawapenda kwa sababu wanauliza.

Jarida la kubanwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Karatasi moja ya A3 ukiikunja inazaa kurasa 4 za A4, kwa hiyo 8, 12, 16, 20. Kurasa 14 hazipo. Pangeni hilo kabla ya kugawana makala, msije mkaanza kukata maneno ya watu usiku wa mwisho.

Rangi za skrini ni mwanga: nyekundu, kijani, bluu. Za mashine ni wino: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kinachowaka na bluu ya umeme hazitatoka mlivyoziona. Ombeni chapa ya majaribio ya jalada peke yake. Matini ndogo iwe nyeusi tupu, isichanganywe na wino nyingine tatu, maana sahani za kuchapia, moja kwa kila wino, zikipishana kidogo tu herufi zinaota kivuli. Picha inayofika ukingoni ipitilize milimita 3 kila upande, kisu kikate ndani yake. Ukiiachia pale pale ukingoni, utapata mstari mweupe.

Programu ya bure ya kupanga kurasa, Scribus, inatosha kwa haya yote. Leteni faili ya PDF, fonti zikiwa ndani yake.

Besi Nzito

Fundi, asante, milimita 3 hizo hakuna aliyewahi kuniambia. Na wale wasio na uwezo wa kuchapa kabisa, wanaotoa la kusomwa kwenye simu? Nao wafuate gridi ya safu tatu?

Dada wa Gridi

Hapana, mkuu. Safu tatu kwenye simu zinamfanya msomaji apanue ukurasa kwa vidole kila aya. Wapange safu moja, ukurasa wa wima wenye umbo la skrini, matini kubwa kuliko ya karatasi. Kurasa mbili zinazotazamana hazipo huko, kwa hiyo makala kuu waifungue kwa picha iliyosimama peke yake, kichwa kifuate kwenye skrini inayofuata. Na nukuu kubwa ziwe chache, maana kwenye simu nukuu moja inakula skrini nzima. Rangi zao waziache hivyo hivyo za mwanga. Kijani cha kuwaka cha Fundi hapo ruksa.