Naomba ushauri: Hell's Gate kwa baiskeli na mpwa wangu

Wakuu, mwezi ujao nataka kwenda Hell's Gate, ile hifadhi ya taifa kule Naivasha, Kenya, na mpwa wangu wa miaka 14. Tutaingia lango la Elsa, tupite ule mwamba mrefu wa Fischer's Tower hadi korongo la Ol Njorowa. Njia naikumbuka: vumbi, mchanga laini unaomeza tairi la mbele, na pundamilia wanaokatiza bila kuangalia kushoto wala kulia.

Mara ya mwisho nilikodi baiskeli karibu na lango bila kuikagua. Mteremko wa kwanza tu, breki ya nyuma ikagoma. Nilisimama kwa kuburuza soli ya kiatu (kiatu chenyewe nilikitupa). Safari hii naenda na yangu, ila tairi zake ni za lami. Nibadilishe, au kupunguza upepo kunatosha? Na kwa miiba ya kule, nibebe tyubu ngapi za akiba?

Kinachoninyima usingizi hasa ni mvua. Mle korongoni mafuriko hushuka ghafla hata penye jua, na watu wameshafia humo. Tukiona wingu zito kwa mbali, mngeshuka na mtoto kweli? Na mkishuka kwa miguu, baiskeli mnamwachia nani?