Mchungaji wetu wa Baptist anastaafu baada ya miaka 31 na nyumba ni ya kanisa. Tuanzie wapi?

Shemasi_Eastlands
Bwana asifiwe wandugu. Mashemasi tumepewa hadi mkutano wa washirika wa mwezi ujao tulete mpango wa kumstaafisha mchungaji. Hali iko hivi: ana miaka 66 na amelichunga kanisa hili moja tangu 1994. Anaishi na mama mchungaji katika nyumba ya kanisa, hapa hapa uwanjani. Watoto watatu, wawili wanajitegemea, kitindamimba bado yuko chuo. Mshahara ni shilingi 40,000 za Kenya kwa mwezi. Mkataba hakuna, ila barua ya mwito, ile ya kanisa kumwita kazini, ipo. NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) ililipwa kwa vipindi, kuna miaka haikupelekwa. Mama mchungaji ameongoza kina mama na shule ya Jumapili muda wote bila malipo. Washirika wengine wanataka harambee moja, tumkabidhi gari, tumalize. Wengine wanasema tumjengee ushago, yaani kijijini kwao.

Hesabu_Safi
Shemasi, gari liwekeni kando. Ukimpa gari mtu ambaye mshahara wake umekoma, umempa bima, mafuta na fundi wa kulipa.

Anzeni na taarifa ya NSSF yake. Aitoe mwenyewe kwenye tovuti yao au aende ofisini, kisha mkae na vitabu vya mweka hazina mlinganishe mwezi kwa mwezi. Msitarajie mengi. Kwa miaka mingi mchango ulikuwa 200 ya mfanyakazi na 200 ya mwajiri, kwa hiyo hata kanisa lililolipa miaka 25 bila kuruka lingekuwa limeweka 120,000 kabla ya riba. Asilimia 6 kwa 6 ilianza Februari 2023, na tangu Februari 2025 mshahara wa 40,000 unatozwa 2,400 kila upande. Pesa yake ya maana imeingia juzi juzi tu.

Miezi ambayo alikatwa na haikupelekwa ni deni la kanisa, tena lina adhabu ya kuchelewesha. Lipeni angali ofisini, maana mweka hazina mpya hatataka kusikia habari za miaka ya nyuma. Na kwa kuwa ameshapita 60, umri wa kudai mafao anao tayari.

Karani_wa_Sheria
Naongezea kuhusu kiinua mgongo, maana hapo ndipo makanisa mengi hukosea.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja malipo ya utumishi kwa kila mwaka, lakini kinamwacha nje mwanachama wa NSSF. Pia hakisemi ni siku ngapi. Siku 15 za mshahara kwa kila mwaka ni mazoea tu. Juu ya hayo, kama mchungaji ni mwajiriwa au la ni swali ambalo mahakama huliangalia kwa barua, mshahara na makato, si kwa jina la cheo. Kwa hiyo msiseme "sheria inatudai" wala "sheria haitudai". Pangeni wenyewe.

Chukueni siku 15 kama sakafu: nusu mshahara, yaani 20,000, mara miaka 31 ni 620,000. Kama hazina haina hizo, lipeni 200,000 siku ya kuondoka na 17,500 kila mwezi kwa miezi 24. Inafika pale pale, na inampa cha kupitishia mwezi. Sadaka ya upendo ya Jumapili ya kuagana isiingizwe humo. Hiyo ni zawadi.

Sasa la Kibaptisti. Hatuna askofu wala dayosisi ya kubeba mzigo huu. Konvensheni, yaani muungano wa makanisa ya Kibaptisti, inaweza kushauri, haiwezi kulilazimisha kanisa wala kulipa kwa niaba yake. Kinachomlinda mzee ni kura ya washirika yenye akidi inayotakiwa na katiba yenu, na muhtasari unaotaja kiasi, tarehe na mfuko pesa zinapotoka. "Kanisa litaendelea kumtunza mchungaji" si azimio. Akija mchungaji mpya na mshahara wake, sentensi hiyo haitalipa hata tokeni ya stima.

Dada_wa_Ofisi
Afya mmeisahau. Makato ya SHA (bima ya afya ya serikali) kwenye mshahara, ile asilimia 2.75, yatakoma pamoja na mshahara. Akiacha hivyo, yeye na mama watafika hospitali wakiambiwa akaunti haijalipwa. Abadilishe aingie kundi la wasio na mshahara, kipato chake kikadiriwe, kisha alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kanisa liweke mwaka wa kwanza kwenye azimio, ni pesa kidogo. Na hakikisheni mama mchungaji ameandikishwa kama mwenzi wake.

Pesa ya Inua Jamii, ile ya serikali kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi na ni ya kuanzia miaka 70. Msiipangie bajeti.

Shemasi_Eastlands
Asanteni sana. Maswali mawili. Shamba la ushago bado liko kwa jina la marehemu baba yake, na wako ndugu wanne. Halafu kuna washirika wanadai aliyekaa nyumba miaka 31 ameshaipata kisheria.

Karani_wa_Sheria
La pili ni rahisi: hapana. Ile miaka 12 ya kukalia ardhi ni kwa aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Mchungaji aliingia kwa ruhusa ya kanisa na hati iko kwa wadhamini. Kumwambia vingine ni kumgombanisha na watu aliowabatiza.

La kwanza, msipeleke hata tofali moja. Nyumba mkiijenga juu ya ardhi ya marehemu itaingia kwenye mgogoro wa mirathi, na ndugu wote wanne watakuwa na la kusema. Mirathi ifunguliwe kwanza. Barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi ikishatoka, kwa kawaida husubiriwa miezi sita kabla ya kuthibitishwa na ardhi kugawanywa. Mpeni muda huo wote kwenye nyumba ya kanisa, kwa barua yenye tarehe ya mwisho. Tarehe isipokuwepo, mchungaji mpya atapangishiwa nje kwa pesa za kanisa na manung'uniko yataanza.

Mwana_Betheli
Mzee asiketi kwenye kamati ya kumtafuta mrithi, wala mwanawe asipendekezwe na kamati hiyo. Na kwa mwaka wa kwanza aabudu kanisa lingine. Si adhabu. Washirika wataendelea kumpigia simu kuhusu ndoa na mazishi, na yule mpya hatapata nafasi ya kujulikana.

Hesabu_Safi
Mama mchungaji naye awe na mstari wake kwenye azimio, pesa iingie akaunti yake mwenyewe. Mzee akitangulia, ataachwa na nini?

Dada_wa_Ofisi
Makabidhiano sasa. Vitabu vya vyeti vya ndoa vihesabiwe, vilivyotumika na visivyotumika, na mrithi asifungishe ndoa hadi apate leseni yake kwa Msajili wa Ndoa. Benki ibadilishe watia sahihi kwa muhtasari. Angalieni namba ya Paybill ya kupokelea sadaka kwa M-Pesa imefungwa kwenye laini ya nani, mara nyingi ni simu ya mchungaji mwenyewe. Kisha mashemasi wawili na mama mchungaji wapite nyumba chumba kwa chumba waandike: kochi ni la nani, jiko la gesi ni la nani, tangi la maji nani alinunua. Wapite wakati mama na mzee bado wanaishi humo, si siku lori limekuja.

Shemasi_Eastlands
Tangi walinunua kina mama, risiti iko kwa jina la mama mchungaji.

Dada_wa_Ofisi
Basi waulizeni kina mama, na jibu lao liandikwe.