Tandu kagoma kula wiki tatu: anataka kujivua gamba au anaumwa?

mleta_mada
Wakuu, habari. Tandu wangu ni Ethmostigmus trigonopodus, sentimita 15 hivi, wa kukamatwa porini. Wiki ya tatu hii hagusi chakula. Mende niliyemwekea anampandia mgongoni na wala hashtuki. Rangi imefifia, miguu iliyokuwa na ubuluu imekuwa kijivukijivu, na muda wote yuko chini ya gome. Boksi lina makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina sentimita 8, napulizia maji kila jioni. Ndiyo anajivua au ananiaga? Nimfukue nimwangalie?

Pingili21
Usimfukue. Na huyo mende mtoe sasa hivi. Tandu akiwa katikati ya kujivua hana cha kujitetea, na mende mwenye njaa humtafuna miguu na antena akiwa hai.

Kugoma kula na kufifia rangi havikuambii kitu, maana mgonjwa naye hufanya hivyohivyo. Tazama mgongo. Anayekaribia kujivua amejaa: vibamba vya mgongoni vimeachana, na kati ya pingili na pingili unaonekana utando mweupe uliovutika. Aliyepungukiwa maji ni kinyume chake, pingili zimelaliana kama bati za paa, mwili bapa, ubavuni mikunjo.

Halafu angalia anashinda wapi. Wa kujivua hujichimbia na kujitengenezea kijichumba chini ya gome au udongoni, akiguswa kidogo anasogea kivivu. Mgonjwa huzurura juu mchana kweupe, au hulala amejinyoosha pembeni mwa maji, miguu ya nyuma anaiburuta. Wa kwako yuko chini ya gome, hiyo ni dalili njema, ila mgongo ndio utakaotoa jibu.

kibano_kirefu
Naunga mkono, lakini mimi hilo la kupulizia kila jioni ndilo linanitia wasiwasi. Juu panalowa, chini anakolala panabaki pakavu. Tandu hupoteza maji haraka kupitia ngozi na matundu ya kupumulia, kwa hiyo unaweza kuwa unamkausha huku boksi linaonekana limelowa. Ukizidisha tena na hewa haipiti, unafuga kuvu.

Fanya hivi: mimina maji taratibu kwenye kona moja, upande wa mbali na gome, mpaka tabaka la chini linywe. Upande mwingine uache mkavu kiasi, achague mwenyewe. Ukiufinya ule udongo mbichi mkononi ushikane bila kudondosha maji. Weka na kifuniko kipana chenye maji, na matundu ya hewa yawe pande mbili za boksi. Sentimita 8 ni kina kidogo kwa tandu wa 15, ila hicho kina usikibadilishe sasa hivi.

Ukiona madoa meusi kwenye maungio ya miguu, yapige picha, ulinganishe baada ya siku tatu. Kovu la zamani halikui. Doa linalotambaa kwenda pingili ya jirani ni ugonjwa, hapo punguza unyevu na ongeza hewa, japo ukweli ni kwamba wengi hawaponi.

Pingili21
Nyongeza: kujaa peke yake kusikudanganye. Aliyeshiba sana naye pingili huachana, na jike mwenye mayai vilevile. Huyu ni wa porini, anaweza kuwa amekuja na mbegu za dume tayari. Mmulike usiku kwa taa nyekundu pembeni ya gome. Ukikuta amejikunja na kukumbatia kitita cha mayai kwa miguu, funika boksi uondoke. Akisumbuliwa huyala yote.

mleta_mada
Nimechungulia, hakuna mayai. Utando kati ya pingili unaonekana wazi, mnene kweli. Mende nimeshamtoa. Akijivua nitajuaje, na nimlishe lini?

kibano_kirefu
Basi huyo anajivua. Gamba hupasuka kichwani, anatokea hapo, na lenyewe linabaki limejikunja nyuma. Mara nyingi hulila, kwa hiyo unaweza kukuta kipande cha kichwa tu au usikute kitu. Likibaki zima, wengi hudhani ni maiti. Gamba ni tupu na jepesi. Maiti hulegea na kunuka.

Akishatoka atakuwa laini, rangi imepauka, na kucha zake za sumu bado nyepesi. Maji yawepo, chakula usiweke. Subiri siku 7 hadi 10, na hata hapo hakikisha ncha za kucha zimekuwa nyeusi, maana zikiwa laini zinaweza kupinda akiuma kitu kigumu. Mlo wa kwanza uwe mende mdogo aliyepondwa kichwa, umpe kwa kibano cha sentimita 30. Asipougusa usiku huo, asubuhi utoe.

Gamba likinasa miguuni usilivute kabisa, mguu utang'oka nalo. Ongeza maji upande alipo, umwache. Miguu akiipoteza itaota tena kwenye kujivua kunakofuata, mwanzoni ikiwa mifupi.